Ua la Uani na Uvimbe wa Ubongo

Katika nyua nyingi za Kinondoni na Temeke humea ua dogo jeupe au la rangi ya waridi, lenye petali tano, ambalo asili yake ni kisiwa cha Bukini. Watu hulipanda kwa urembo tu. Lakini majani yake ndiyo yaliyotoa vinkristini, dawa ya saratani iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963, ambayo imewaponya watoto wengi wa Afrika Mashariki wenye uvimbe wa taya wa Burkitt. Dawa hiyo huizuia chembe ya saratani isigawanyike.

Je, yafaa kwa ubongo? Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi juu ya aina za uvimbe wa ubongo unaokua polepole. Kati ya waliopewa mionzi peke yake, nusu waliishi zaidi ya miaka 7.8, kati ya waliopewa mionzi na kisha vinkristini pamoja na dawa nyingine mbili, nusu waliishi zaidi ya miaka 13. Hata hivyo sifa yote si ya ua letu. Vishipa vya damu vya ubongo vina kuta zilizobana mno, nayo vinkristini huzipenya kwa shida, ilhali wenzake wawili hupenya vizuri. Basi waganga wangali wanabishana kama imesaidia kitu.

Huenda msomaji akauliza: "Ikiwa Mwenyezi Mungu ameweka dawa katika jani, kwa nini nisilichemshe nyumbani?" Kwa sababu jani hilo ni sumu. Kipimo cha mtu mzima kwa kawaida hakizidi miligramu 2 kwa mara moja, tena huingizwa katika mshipa wa damu. Ikiingizwa kwa makosa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Ni nani awezaye kupima miligramu 2 kwa sufuria?

Manjano nayo husifiwa kuwa huua chembe za uvimbe katika maabara. Ni kweli, lakini hata siki huziua humo! Manjano yakiliwa, ni kidogo mno kinachofika katika damu.

Basi maumivu ya kichwa yanayozidi, yenye kutapika asubuhi, au kifafa kinachoanza ukubwani, yasidhaniwe upesi kuwa jini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, licha ya jina lake, ina mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Na mgonjwa anayekunywa miti shamba amweleze daktari waziwazi, kwani baadhi yake hubadili nguvu ya dawa za hospitali.