Dondoo muhimu: Kugawa kordi kwa sauti nne

Mwalimu wa kwaya wa Kitui au Makueni anayetunga kwa kinanda, kisha kuandika kwa programu ya MuseScore, asinakili noti moja moja. Kordi zikae kwenye stafu ya juu, ya soprano. Chagua stafu zote nne, fungua Tools, bonyeza Explode: noti ya juu inabaki soprano, zinazofuata zinashuka alto, teno, besi.

Chunga idadi. Kwenye kordi ya noti tatu, noti moja itarudiwa. Ya noti tano hupoteza ya chini kabisa, na mara nyingi hiyo ndiyo shina la kordi. Besi wataimba nini? Chochote kilichokuwa kwenye stafu za chini kitafutwa, kwa hiyo hifadhi nakala. Noti ikigeuka nyekundu, imepita uwezo wa sauti hiyo.

Wanaosoma solfa, waandikie silabi zake chini ya noti.