Mlango wa Hesabu ya Milo na Kunenepa kwa Mwili

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kula mara nyingi kwa siku ndiye anenepaye, na mwenye kula mara moja ndiye akondaye. Wengine husema kinyume chake, kwamba kula kidogo kidogo mara sita huyeyusha shahamu. Kauli zote mbili zina kasoro, na ushahidi wake waonekana katika nchi ya Ugogo, pande za Dodoma.

Nchi ile ni uwanda wa juu, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili. Chakula cha wenyeji ni ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, na maziwa kwa mwenye ng'ombe. Baada ya mavuno watu hula wakashiba. Lakini Januari na Februari ghala huwa zimepungua, na ndiyo miezi ya jembe. Nyumba iliyopungukiwa hupika mara moja kwa siku, na watu wake hukonda. Je, wamekondeshwa na uchache wa milo? La, wamekondeshwa na uchache wa chakula pamoja na uzito wa kazi. Lau chungu kile kimoja kingalibeba kipimo cha milo mitatu, wasingalikonda.

Na matabibu wameyapima hayo. Mwaka 1997 Bellisle, McDevitt na Prentice walikusanya majaribio mengi, wakaona kwamba jumla ya chakula ikiwa sawa, mwili hutumia nguvu zile zile, kiliwe kwa mara chache au kwa mara nyingi. Mwaka 2015 Schoenfeld na wenzake waliona tofauti ndogo kwa wenye kula mara nyingi, lakini jaribio moja lilipotolewa katika hesabu, tofauti ile ikatoweka.

Ushahidi wa karibu zaidi ni Ramadhani. Mlo wa mchana huondoka, yakabaki futari na daku. Wako wapunguao uzani, na wako wafikiao Idi wamenenepa, kwa kuwa futari yao ilizidi tambi na mahamri. Idadi ya milo ni moja kwa wote. Kipimo ndicho kilichotofautiana.

Ama nyama ya mwili, ambayo ndiyo nguvu ya mtu, haizidi kwa kushiba ugali peke yake. Yahitaji mambo mawili: kazi ya kutumikisha viungo, na chakula cha kujenga, kama samaki, maziwa, kunde na njugu. Ziada ya mlaji asiye na kazi hugeuka shahamu. Na mwenye njaa ndefu, mwili wake hula shahamu yake na nyama yake pia.

Lakini mtoto mdogo si kama baba yake. Tumbo lake halichukui chakula cha kutwa kwa mlo mmoja, na uji mwepesi humjaza maji kabla ya kumpa nguvu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtoto anyonyaye wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 mara 3 au 4. Basi baba ajizoezaye mlo mmoja, kwa dhiki au kwa kupunguza tumbo, asimpimie mwanawe kwa kibaba chake.

Kwa hiyo mtu mzima na apime kwanza jumla ya alacho, ndipo ahesabu mara. Na mtoto ahesabiwe yote mawili. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.