Kasoro Inayokuza Fuwele

Katika fuwele, mfano chumvi ya jikoni, chembe hujipanga safu kwa safu. Safu ikishajaa, juu panakuwa laini kabisa. Chembe mpya haina pa kushikilia, inarudi zake majini. Basi fuwele hukuaje?

Mwaka 1949 Charles Frank wa Bristol, Uingereza, alilieleza fumbo hili. Safu zikiwa na kasoro, zikapinda kama skrubu, panabaki kidaraja kisichokwisha: kinazunguka tu, na chembe zinapata pa kukaa. Mwaka 2008 kikundi cha Song Jin, Wisconsin, Marekani, kilionyesha kasoro hiyo ikiotesha nyuzi za risasi na salfa, nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Tena shina lilijisokota, matawi yakalizunguka kama ngazi!