Kumbukumbu za Barabara ya Mbeya hadi Makongolosi: Somo la Vitendo kwa Shule za Sekondari

Barabara itokayo Mbeya kwenda Makongolosi hupanda kwanza ndipo iteremke. Mji wa Mbeya upo katika mwinuko wa takriban meta 1,700. Kutoka hapo barabara hukata safu ya milima ambayo kilele chake cha Loleza kina meta 2,656, na baada ya kuvuka mgongo huo msafiri huona nchi tambarare ya Usangu imetandaa mbali chini yake. Kisha hufuata Chunya na nchi ya dhahabu ya Lupa, ambamo Makongolosi imo.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wachimbaji walimiminika huko kwa wingi. Mgodi wa Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956. Katika miaka ya 2010 sehemu ya Mbeya hadi Chunya, yenye kilomita 72, ilitiwa lami, kisha kazi ikaendelea kilomita 39 hadi Makongolosi. Manufaa ya lami hayana ubishi. Hata hivyo, lami imefunika njia ya vumbi, baadhi ya kona za zamani zimebaki vichakani, na watu waliopata kusukuma malori kwenye tope la masika wamekwisha kuwa wazee. Shule iliyo kandokando ya barabara hii inaweza kuikusanya historia hiyo katika hifadhi ya kidijitali, yaani mahali ambapo picha, sauti na maandishi hutunzwa kwa tarakimu ndani ya kompyuta.

Kosa la kawaida katika kazi ya namna hii ni kudhani kwamba kupiga picha ndiko kuhifadhi. Picha elfu moja zisizo na maelezo hazina faida kwa mtafiti. Kila faili sharti liandamane na mstari wake katika jedwali: namba ya faili, mahali, tarehe, jina la mwanafunzi aliyelitengeneza, kinachoonekana au kinachosemwa, na masharti ya matumizi. Mstari huo uandikwe siku ile ile. Ukingoja wiki moja, hakuna atakayekumbuka daraja lipi ni lipi.

Mahali paandikwe kwa vipimo vya latitudo na longitudo vinavyotolewa na simu. Nyuzi moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta hutofautisha mahali kwa kilomita moja tu, ilhali tarakimu tano hufikia meta moja hivi, ingawa simu yenyewe aghalabu hukosea kwa meta kadhaa. Alama ya kutoa isisahauliwe. Makongolosi ipo karibu na latitudo −8.4 na longitudo 33.2; mwanafunzi akiidondosha alama hiyo, picha yake itahamia mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. Tena, picha zisikusanywe kupitia programu za kutumiana ujumbe, kwa kuwa nyingi kati ya hizo huzipunguza ubora na kufuta tarehe na vipimo vilivyomo ndani ya faili. Zihamishwe kwa waya au kwa flashi.

Sehemu inayowavutia zaidi wanafunzi, na yenye fizikia ndani yake, ni kupiga upya picha ya zamani. Familia nyingi zina picha iliyopigwa barabarani: basi limesimama, nyuma yake mlima. Kazi ni kutafuta pale hasa aliposimama mpiga picha. Mwanafunzi achague kitu cha karibu na kingine cha mbali vilivyopangana katika picha, mathalani jiwe na kilele. Ikiwa jiwe lipo umbali wa meta 20, hatua ya meta moja kwenda kando hulisogeza jiwe kwa takriban nyuzi 3, lakini kilele kilicho kilomita 5 hakisogei hata nusu ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Jiwe na kilele vikipangana tena kama zamani, mwanafunzi yupo juu ya mstari ule ule uliopita kwa mpiga picha. Jozi ya pili ya vitu hutoa mstari wa pili, na mistari hiyo hukutana mahali palipotafutwa. Ikiwa mahali hapo sasa pamo ndani ya lami, picha isipigwe hapo. Hakuna picha inayostahili kugongwa na lori.

Katika mazungumzo na wazee, swali "mwaka gani?" huzaa majibu ya kubahatisha. Ni heri kuuliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya tukio linalojulikana: kufungwa kwa Saza mwaka 1956, Uhuru wa 1961, kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mipaka nayo imehama. Saza iliyokuwa katika Wilaya ya Chunya sasa imo katika Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutokana na Mkoa wa Mbeya. Basi jedwali liwe na jina alilolitaja mzee na pia jina la leo, wala moja lisifutwe kwa ajili ya jingine.

Kabla ya kurekodi, mzee aombwe ridhaa, aelezwe nani atasikiliza, na jibu lake liandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu kumbukumbu kama hizi pia. Vipimo vya mashimo ya wachimbaji wadogo visitolewe hadharani: kwao hayo ni riziki, na kwa mtoto mdadisi ni hatari.

Kuhusu nafasi, hesabu ni nyepesi. Sauti ya mkondo mmoja ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa baiti 2, saa moja huchukua karibu megabaiti 318. Mazungumzo 60 ya saa moja moja huingia katika flashi ya gigabaiti 32. Lakini flashi moja haitoshi. Ziwepo nakala tatu, moja nje ya shule. Kila faili lipewe pia namba ya utambulisho ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo, kwa mfano kwa kanuni ya SHA-256 inayotoa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikiharibika, namba hubadilika yote. Namba hizo zikokotolewe upya kila mwanzo wa muhula, na faili litakalotofautiana lirudishwe kutoka nakala iliyo nzima.