Uyoga: Mboga Bora, Si Mbadala wa Dawa

Mvua zikishika, kando ya barabara za Iringa, Tabora na Songea hupangwa mafungu ya uyoga wa msituni. Mijini hatungoji mvua: uyoga wa kulimwa aina ya mamama, unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua, hupatikana mwaka mzima. Wote ni chakula kizuri. Ila siku hizi uyoga unauzwa pia kama tiba ya kila kitu, na hapo ndipo familia zinapoumia, mfukoni na mwilini.

Kilichomo ndani yake

Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji. Wanaosema ni sawa na nyama wanazidisha chumvi: gramu 100 za uyoga mbichi zina protini gramu 3 hivi, wakati maharage yaliyochemshwa ya uzito huo huo yana gramu 8 au 9. Basi usiyafukuze maharage jikoni. Ubora wa uyoga uko kwingine: una vitamini za kundi B, potasiamu na nyuzinyuzi, na mafuta yake ni kidogo sana. Mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi ataufurahia, maana una utamu wake wenyewe; nyanya, kitunguu na karanga za kusaga vinatosha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: uyoga ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Ule uliokulia gizani bandani huwa nayo kidogo mno. Kata vipande, vipange kwenye ungo, mikunjo ya chini ya kofia itazame juu, anika saa 1 kwenye jua la mchana, kisha pika. Ukitaka kuuweka akiba, endelea kuanika mpaka uvunjike ukiukunja. Ukiwa bado laini, utaota ukungu.

Kuhusu tiba

Japani iliidhinisha mwaka 1985 lentinani, dawa inayotokana na uyoga wa shitake. Madaktari waliichoma kwa sindano pamoja na dawa za saratani ya tumbo, si badala yake. Hiyo ilikuwa dawa iliyochujwa na kupimwa. Supu ya nyumbani na unga wa kopo ni mambo mengine kabisa. Anayekuuzia unga wa uyoga akikwambia uache vidonge vya kisukari, vya presha au ARV, mkimbie.

Uyoga wa porini

Chuma ule tu unaofahamika vizuri kwenu, na mwenye kuujua awepo. Eti ulioliwa na wadudu ni salama, au kitunguu hubadilika rangi chunguni penye sumu: yote hayo ni uongo. Aliyehamia mkoa mwingine ajihadhari zaidi, kwa kuwa uyoga wa kichuguu alioula utotoni una wenzake wenye sumu wanaofanana nao.

Sumu iitwayo amatoksini haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha. Tena huchelewa: kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu huku ini likiendelea kuharibika. Usidanganyike na nafuu hiyo. Mwahisheni hospitali pamoja na mabaki ya uyoga, hata yaliyotupwa jalalani, na wote waliokula chungu hicho waende naye, hata wanaojiona wazima.