Kujifunza Kutengeneza Tovuti kwa Kitabu cha Mazoezi

Wako miongoni mwenu waliotuuliza kama mtu aweza kujifunza kutengeneza kurasa za tovuti pasipo kwenda shule, akiwa na kompyuta yake na kitabu tu. Twajibu kwamba yawezekana, maana sisi wenyewe tulijifunza hivyo. Walakini katika njia hii liko shimo moja, nasi tulitumbukia ndani yake. Kwa hiyo twapenda kulieleza kwa kirefu kidogo.

Kwanza tukitaje chombo chenyewe. Programu tuliyojifunza yaitwa Dreamweaver. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na kampuni ya Macromedia ya San Francisco, Marekani, na mwaka 2005 kampuni ya Adobe ikainunua Macromedia pamoja na kazi zake. Ili kuifahamu programu hii yatupasa kujua ukurasa wa tovuti ni kitu gani. Si picha, wala si karatasi. Ni maandishi matupu yaliyotiwa alama za HTML, lugha aliyoianzisha Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kivinjari huzisoma alama hizo, ndipo huuchora ukurasa mbele ya macho yetu. Basi Dreamweaver humwonyesha mtu pande mbili: upande mmoja ni ukurasa jinsi utakavyoonekana, na upande wa pili ni alama zenyewe. Aweza kufanya kazi katika upande wa kwanza siku zote, asiutazame wa pili hata mara moja. Kumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Kitabu chetu kilikuwa cha mfululizo uitwao Classroom in a Book, kilichofuata toleo la CS6 la mwaka 2012. Vitabu vya namna hii vimepangwa vizuri. Kila somo lasema mwanzoni litachukua muda gani. Mwanafunzi hupewa mafaili ya kufanyia kazi, na pamoja nayo ukurasa uliokwisha kukamilika, ili aone aendako. Kisha hatua zahesabiwa moja moja: bonyeza hapa, andika hivi, hifadhi. Mwisho wa somo yako maswali, na majibu yake yafuata papo hapo. (Yafunikeni kwa karatasi, ndugu, maana jicho ni jepesi kuliko akili.) Hapana kengele, wala mwenzako wa kukuacha nyuma, ukichoka waweza kufunga na kuendelea kesho.

Nasi tukaendelea. Kwa jioni chache tukamaliza masomo ya kwanza, na kila mara ukurasa wetu ukafanana kabisa na ule wa kitabu. Tukafurahi, tukajiona tumekuwa mafundi. Je, yalikuwa maarifa hayo? La, hasha. Tulipofungua ukurasa mtupu ili tutengeneze kazi yetu wenyewe, yaani kichwa cha habari, maneno machache na picha tatu, mikono ilikwama. Tulijua mahali pa kubonyeza, hatukujua sababu ya kubonyeza. Tulikuwa kama mtu aliyeongozwa kwa mkono njia nzima, naye hakuitazama njia.

Hata hivyo tulijikaza, ukurasa ukatokea, na katika kompyuta yetu ulipendeza. Tukanakili folda yake, tukampelekea rafiki. Alipoufungua kwake, maneno yalikuwapo, bali mahali pa picha palikuwa na visanduku vitupu vitatu. Tukailaumu kompyuta yake. Ndipo kwa mara ya kwanza tukaufungua upande wa alama kwa nia ya kuusoma, tukaona anwani ya kila picha imeanza hivi: file:///C|/Users. Maana yake ni kwamba picha itafutwe katika diski C ya kompyuta ile ile inayofungua ukurasa. Katika diski ya rafiki yetu picha hazikuwapo kamwe. Ni sawasawa na kumwandikia mtu wa mji mwingine kwamba mzigo wake uko nyuma ya mlango wa chumba cha pili: atatafuta nyuma ya mlango wake mwenyewe, asiuone.

Nao msaada tulikuwa tumepewa mara mbili. Kitabu kilitufundisha mapema kuijulisha programu folda moja iliyo shina la tovuti yote, na kuweka humo kila ukurasa na kila picha. Tuliyafanya hayo kwa kuhesabu hatua, bila kufikiri. Tena programu yenyewe, tulipoingiza picha iliyo nje ya folda ile, ilituuliza kama twataka kuinakili iingie ndani. Tulijibu hapana, tukitaka tu dirisha lile lituondokee. Kama tungejibu ndiyo, anwani ingekuwa fupi, yaani jina la folda ndogo na jina la picha, nayo ingesomeka popote folda kubwa ipelekwapo.

Tangu siku ile tulibadili mwendo. Kila somo tulilifanya kwanza kitabu kikiwa wazi, lakini baada ya kila hatua tulitazama upande wa alama, tukajiuliza ni nini kilichoongezeka. Kisha tulifunga kitabu, tukaweka mbele yetu ule ukurasa uliokamilika tu, tukajaribu kuutengeneza upya. Hapa ndipo penye kazi! Somo lililosema litachukua saa moja lilitushika jioni mbili, na katika somo la CSS, yaani kanuni za rangi, herufi na nafasi zinazowekwa katika faili la peke yake, tulirudi mwanzo mara nne. Walakini tulipoona kwamba kubadili mstari mmoja katika faili lile kunabadili vichwa vyote vya kurasa zote, hatukuhitaji tena kuelezwa kwa nini rangi isitiwe ndani ya kila ukurasa.

Wengine husema ni afadhali kuiacha programu na kuandika alama tangu siku ya kwanza katika kiandikio cha kawaida, kisicho na gharama. Wana haki. Ila sisi twaona kwamba mwanafunzi aliye peke yake hukata tamaa upesi, na ukurasa unaotokea mbele yake jioni ya kwanza humtia moyo. Atumie programu, lakini asiitegemee. Maana programu hubadilika: mwaka 2013 Dreamweaver ilipata mahali papya pa kuandalia CSS, na mwenye kitabu cha 2012 aliyekuwa na programu mpya alitafuta vitufe asivione. Nayo FrontPage ya Microsoft, ambayo wengi walijifunza, toleo lake la mwisho lilikuwa la 2003. Waliojua vitufe tu walianza tena. Waliojua HTML waliichukua kazi yao wakaenda nayo.

Tuongeze neno dogo juu ya majina ya mafaili. Andikeni kwa herufi ndogo, pasipo nafasi kati ya maneno. Kompyuta nyingi za Windows hazibagui Picha na picha, lakini seva nyingi hubagua, na ukurasa uliokuwa mzima nyumbani huharibika ukifika huko.

Nasi tulikwisha kuzihamisha picha zetu tatu katika folda ya shina, tukazipa majina mapya, tukampelekea rafiki yule tena. Mara hii zote tatu zilionekana, ila moja ilikuwa imelala ubavu. Ilikuwa imepigwa kwa simu, na simu huweza kuiacha picha ikiwa imelala, ikiandika tu ndani ya faili kwamba igeuzwe. Kivinjari chetu kipya kilisoma agizo hilo, kile cha rafiki kilikuwa cha zamani, hakikulisoma. Lilitugharimu siku mbili kulitambua.