Kurudi Chuoni Ukilea Peke Yako

Mama wa Mkomani anayelea watoto peke yake hutaja karo kwanza. Mara nyingi kinachomzuia ni ile karatasi ya matokeo ya Kidato cha Nne aliyoificha kabatini. Na aitoe.

Mwenye D hujiunga na kozi ya cheti katika chuo cha ufundi, mwenye C- akaanza diploma. Aliye chini ya hapo huanzia kozi ya ufundi stadi, kisha akapanda ngazi kwa ngazi.

Aliyeshona nguo au kusuka watu kwa miaka mingi ana njia nyingine, nayo ni mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia daraja la 3. Hapo kinachopimwa ni kazi ya mikono yake. Akishika cheti hicho, kuketi na vijana wa miaka 18 hakutamtisha kama zamani.

Na mtoto? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti chekechea, vituo vya malezi na vyuo vya ufundi vya mashinani. Maswali yote mawili, la mtoto na la masomo, aanzie afisi za elimu za kaunti.

HELB hukopesha hata wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na basari ya NG-CDF huombwa eneobunge la Nyali. Kwenye fomu aandike wazi kwamba analea peke yake. Hilo si aibu, ni kigezo.

Akipendelea chuo cha kisiwani, kama TUM kule Tudor, kwanza apime foleni ya Daraja la Nyali. Chekechea hufunga mapema.